Sensa ya Oksijeni: Mshiko Kwanza, Nguvu Baadaye

Kutoa sensa ya oksijeni ni kazi ndogo inayoweza kuzaa hasara kubwa. Spana isiyofaa ikiteleza mara mbili tatu, pembe za sensa huliwa. Fundi akichomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili apate nguvu zaidi, uzi wa ndani hukwanguka. Hapo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya kuchomelea, au ya kutafuta manifodi nyingine, na mwenye gari hulipa gharama ambayo hakujiandaa nayo. Kutu ndiyo hulaumiwa, na kweli ina sehemu yake. Lakini mara nyingi kinachoharibu kazi ni chombo kilichochukuliwa kwa haraka, kabla mtu hajalala chini ya gari na kuangalia anakabiliana na nini.

Ushauri huu ni kwa mwenye gari anayependa kufanya kazi zake mwenyewe, kwa fundi kijana anayekusanya vifaa vyake, na kwa yule anayepeleka gari gereji na kusimama pembeni akitazama. Shina lake ni moja: namna unavyozishika pembe sita za sensa ndiyo inayoamua kazi. Nguvu hufuata baada ya mshiko, na joto huitwa pale nguvu inapogoma. Anayeupindua mpangilio huo hatimaye huvunja kitu.

Je, ni lazima itoke?

Sensa ya oksijeni hukaa kwenye njia ya moshi na kulinganisha oksijeni iliyobaki ndani ya moshi na ile ya hewa ya nje. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuizalisha kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo ikaifunga kwenye magari yaliyouzwa Marekani. Sensa ya kawaida ya kauri ya zirkonia hutoa takribani volti 0.1 petroli ikiwa pungufu kwenye mchanganyiko, na karibu volti 0.9 petroli ikizidi. Kompyuta ya gari husoma volti hizo na kurekebisha kiasi cha petroli kinachoingia. Sensa ya mbele ikifa, kompyuta hukisia tu. Gari huanza kula mafuta na taa ya injini huwaka.

Taa hiyo imewafanya wengi watoe sensa isiyo na kosa. Mashine ikisoma kodi P0135, maana yake ni kwamba kuna hitilafu kwenye saketi ya hita ya sensa ya kwanza. Saketi ina fyuzi, ina waya, ina kiunganishi, kisha ndiyo ina sensa. Anza na fyuzi. Kagua waya kama haukugusa bomba la moto ukaungua. Halafu chomoa kiunganishi na upime hita kwa mita ya umeme: sensa yenye waya nne huwa na waya mbili za rangi moja, na hizo ndizo za hita. Ukipata omu chache, au hata kufikia ishirini hivi, hita ni nzima. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, hita imekatika na sensa inapaswa kutoka. Kodi P0420 nayo husema kwamba kataliti, ile ambayo mafundi wengi huiita masega, haisafishi moshi inavyotakiwa. Kubadilisha sensa kwa sababu ya kodi hiyo bila kuyapima masega ni kununua kifaa kwa kubahatisha.

Tafuta pia kilichoiua. Zamani muuaji mkuu alikuwa risasi iliyochanganywa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondoka sokoni katika eneo letu. Sasa wauaji ni oili inayoungua ndani ya injini iliyochoka, maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi ya silinda hedi, na silikoni ya kubandikia gasketi isiyo salama kwa sensa. Kama injini inakula oili, sensa mpya itaifuata ya zamani, hata ukiitoa kwa ustadi wa namna gani.

Ijue unayoitoa

Katika maelezo ya mashine, sensa namba 1 ni ile iliyo kabla ya masega, na namba 2 ni ile iliyo baada yake. Upande wa 1, yaani benki ya 1, ni ule wenye silinda namba moja. Gari lenye silinda nne kwa mstari, kama zilivyo Toyota ndogo nyingi za barabara zetu, huwa na benki moja tu. Injini ya V6 ina mbili, na hapo ndipo watu hutoa sensa nzima na kuiacha mbovu ndani.

Kisha jiulize swali linalotawala uchaguzi wote wa chombo: je, sensa hii inakwenda kutupwa, au inatakiwa kurudi? Kama imekwisha kufa, unaweza kuukata waya wake karibu na kichwa, ukapata nafasi ya kutumia chombo chenye nguvu kuliko vyote. Kama unaitoa ili ubadilishe manifodi au bomba, waya haukatwi, na chombo lazima kiwe na nafasi ya kuupitisha. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kwenda dukani.

Jambo la tatu ni namna ilivyofungwa. Sensa nyingi hujifunga kwa uzi wake zenyewe, uzi wa milimita 18 wenye hatua ya 1.5, na kichwa chake chenye pembe sita hupokea spana ya milimita 22. Spana ya inchi 7/8, ambayo ni milimita 22.2, inaingia vilevile, ndiyo maana soketi nyingi za kazi hii huandikwa vipimo vyote viwili. Lakini baadhi ya Toyota za zamani zina sensa ya sahani, iliyoshikwa na nati mbili ndogo kwenye stadi. Hiyo haihitaji soketi ya sensa kamwe. Inahitaji soketi fupi yenye pembe sita, mara nyingi ya milimita 12, na subira, kwa sababu stadi hizo hukatika upesi kuliko uzi mkubwa. Pitisha kidole au kioo kidogo cha mkononi nyuma ya bomba. Ukigusa nati mbili, usinunue kitu. Tafuta soketi yako ya 12.

Vyombo na tabia zake

Spana ya mdomo wazi ndiyo iliyo karibu na mkono katika kila sanduku, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Hushika pande mbili tu za kichwa, na mdomo wake hutanuka kidogo unapoegemea mpini. Sensa iliyokaa miaka mingi kwenye joto hailegei kwa mshiko wa pande mbili. Itumie kufungua sensa iliyofungwa majuzi, au kumalizia kuizungusha baada ya kulegea.

Spana ya ringi huzunguka kichwa chote. Kwa sensa inayotupwa ni msaada mzuri sana: kata waya, ivishe, na una mshiko kila upande. Shida yake ni urefu na nafasi. Manifodi ikiwa imejificha nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini, mpini wa ringi hukosa pa kuzungukia. Kama una chaguo, chukua ya pembe sita badala ya kumi na mbili. Pembe kumi na mbili hushika karibu na ncha za kichwa, na ncha hizo ndizo za kwanza kuliwa.

Soketi ndefu ya kawaida ya milimita 22, yenye pembe sita na isiyo na mpasuko wowote, ndiyo mshiko imara kupita yote. Ukuta wake ni mzima, hivyo hautanuki. Inataka waya ukatwe, na inataka nafasi juu ya sensa. Kwa sensa iliyokufa na yenye kutu, hii ndiyo ningeishika kwanza kabla ya kufikiria soketi maalumu.

Soketi ya sensa ni soketi yenye mpasuko ubavuni ili waya upite. Zipo za aina mbili zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni ndefu, hukaa wima juu ya sensa, na racheti hufungwa kichwani. Hiyo hupeleka nguvu moja kwa moja kwenye mhimili wa sensa, na kila palipo na nafasi ichague hiyo. Ya pili ni fupi, na tundu lake la racheti limesogezwa pembeni. Hii huingia mahali ambapo soketi ndefu ingegonga sakafu ya gari au kinga ya joto. Lakini kwa kuwa nguvu haipiti katikati, huelekea kuinama na kupanda juu ya kichwa cha sensa. Ukiitumia, mkono mmoja uvute mpini na mwingine uikandamize soketi ikae chini kabisa.

Udhaifu wa zote mbili ni huo mpasuko. Soketi ya bei rahisi, yenye ukuta mwembamba, hufunguka pale sensa inapogoma, ikazilamba pembe zote sita kwa mara moja. Unaponunua, angalia unene wa ukuta hasa kando ya mpasuko, na angalia kama imeandikwa kromu-vanadiamu au kromu-molibdenamu. Nenda na sensa yoyote ya zamani mfukoni. Ivishe soketi palepale kaunta na uizungushe kwa vidole: ikicheza sana, irudishe. Jaribio hilo linakufaa iwe unanunua Kariakoo, Kirinyaga Road mjini Nairobi, au duka la mtaani kwako, na ni la kuaminika kuliko jina lililochapwa kwenye boksi.

Mpini nao una la kusema. Racheti ndogo ya inchi 3/8 inatosha kufungia, lakini kwa kulegeza sensa iliyoshikamana tumia mpini mrefu usio na meno ya racheti, wa inchi 1/2. Nguvu ile ile ya mkono kwenye mpini wa sentimita 60 huzaa mzunguko mara mbili ya mpini wa sentimita 30. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mpini mrefu, na ndiyo sababu ya kuuogopa pia. Vuta taratibu na kwa uthabiti. Mashine ya kugonga ya upepo au ya betri iache sandukuni: soketi zenye mpasuko hazikutengenezwa kwa mapigo yake, na uzi unaotaka kuuokoa hauyapendi.

Dawa ya kutu na joto

Sensa hushikamana kwa sababu uzi wake umepashwa joto la mamia ya nyuzi na kupozwa, mara kwa mara, kwa miaka. Chuma hutanuka, hunywea, huota kutu, na kutu hiyo hujaza nafasi kati ya uzi na uzi. Magari ya pwani, kutoka Tanga hadi Lamu na Unguja, hupata chumvi ya hewa. Yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hufika nayo tayari chini ya sakafu, kwa kuwa barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Ukiona mabomba yamepauka na kumenyeka magamba, panga kazi ya siku mbili.

Jioni ya kwanza, bomba likiwa baridi, nyunyiza dawa ya kutu kuzunguka mahali sensa inapoingia, acha dakika kadhaa, rudia. Dawa za kupenya hushika moto, kwa hiyo usizinyunyize kamwe kwenye bomba la moto. Asubuhi futa iliyobaki, washa injini nje au mahali penye hewa ya kutosha, si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi una kaboni monoksidi isiyo na harufu na inayoua. Dakika chache zinatosha bomba lipate joto. Zima, vaa glavu nene za ngozi, na ujaribu lingali na joto.

Ikigoma bado, joto lipelekwe kwenye bomba linaloizunguka sensa, kwa sababu unachotaka ni tundu litanuke. Tochi ya gesi hufanya kazi hiyo vizuri mikononi mwa fundi aliyeizoea, baada ya kuhakikisha kwamba bomba la mafuta, la breki na waya ziko mbali, na mtungi wa kuzimia moto uko karibu. Kwa anayejifanyia nyumbani, hapa ndipo pa kusimama na kupeleka gari gereji. Na kabla ya yote hayo, gari lililoinuliwa likae juu ya stendi imara pahali pa sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka.

Mzunguko wenyewe

Fungua kwa kwenda kinyume cha saa. Sensa ikitoa mlio na kusogea, usishangilie ukaivuta hadi mwisho. Izungushe robo, irudishe kidogo, ongeza dawa, songa tena. Kwenda na kurudi huko hutoa kutu iliyosagika kutoka kwenye uzi. Ukihisi inakuwa nzito zaidi kadiri inavyotoka, rudisha ndani na uongeze dawa. Uzito huo ni dalili kwamba uzi wa bomba unakwanguliwa.

Pembe zikiwa zimeliwa tayari, acha soketi ya mpasuko. Kata waya, ugonge soketi ya kung'olea nati zilizoliwa, ile yenye meno ya mzunguko ndani, au umpe fundi wa kuchomelea aweke nati kubwa juu ya kichwa cha sensa. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia kulegeza. Plaizi ya kujifunga ni ya mwisho kabisa, na ni kwa sensa ya kutupwa.

Kuifunga mpya

Kazi ya vyombo haijaisha sensa inapotoka. Pitisha tepu ya milimita 18 kwa 1.5 ndani ya tundu, kwa mkono na kwa upole. Iliyotengenezwa kwa kusafishia uzi ni bora kuliko ya kukatia, kwa kuwa haili chuma kizima. Ikiwa uzi umekwisha kabisa, kuna bushi za kuwekea uzi mpya, au huchomelewa kikombe kipya chenye uzi kwenye bomba.

Hakikisha unachofunga ndicho gari linachotaka. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zina mbele ya masega sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo kwa macho inafanana na sensa ya kawaida, ina waya nne na uzi ule ule, lakini haifanyi kazi kwa namna moja nayo. Linganisha namba ya sensa ya zamani, usilinganishe umbo.

Sensa mpya mara nyingi huja ikiwa imepakwa grisi ya kuzuia kushikamana. Kama haikupakwa, weka kidogo kwenye uzi tu, ya aina iliyo salama kwa sensa, bila kugusa ncha yenye matundu. Usiidondoshe: kauri ya ndani hupasuka hata kama ganda la nje halina alama. Usitie grisi wala dawa ndani ya kiunganishi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia waya. Kwa sababu hiyo hiyo, waya ukilazimika kuungwa, tumia viungio vya kubana badala ya risasi ya kulehemu.

Anza kufunga kwa vidole hadi ikae. Kisha toki renchi: sensa nyingi za uzi wa milimita 18 hutakiwa kukazwa kati ya nyutoni mita 40 na 50, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Ukitumia soketi fupi ya pembeni, iweke ifanye pembe ya digrii 90 na mpini, ili kipimo cha toki renchi kisibadilike.

Ununue nini

Kwa anayeanza na fedha kidogo, vitu vinne vinatosha: soketi ndefu ya 22 yenye pembe sita, soketi moja ya sensa yenye ukuta mnene, mpini mrefu wa inchi 1/2, na kopo la dawa ya kutu. Soketi ya pembeni ifuate siku utakapokutana na gari linaloidai. Tepu ya kusafishia uzi inaweza kununuliwa na mafundi kadhaa kwa pamoja, maana haihitajiki kila siku.

Kwa mwenye gari anayesimama pembeni, omba kuona chombo kabla kazi haijaanza. Fundi anayeijua kazi yake atakuonyesha bila kukasirika. Akija na spana ya mdomo wazi na kipande cha bomba cha kuongezea mpini, mwombe asubiri hadi soketi ipatikane, hata kama ni kesho. Gari lenye sensa mbovu litakula mafuta zaidi, lakini litakufikisha kazini siku mbili tatu. Lenye uzi wa manifodi uliokatika litavuja moshi, litapiga kelele, na litakusubirisha gereji.